Ubao wa Kiti cha Dereva

Mikono miwili ilishika jora moja la ngozi nyekundu. Mmoja ulikuwa wa Nyakio, mwingine wa mwanamume mrefu mwenye ovaroli ya samawati iliyojaa grisi. Ilikuwa Jumamosi, duka la vifaa vya magari hapo Nakuru limefurika mafundi, na jora lenyewe ndilo la mwisho.

"Boss, hii nimeshika kwanza," Nyakio alisema.

"Umeshika kwanza, lakini mimi nimeiota mwezi mzima."

"Ya kuvalisha nini?"

"MG. Sports ya Waingereza ya viti viwili, ya mwaka wa sitini na moja."

Nyakio akacheka. Yeye alikuwa fundi wa viti vya magari, na gari la namna hiyo hakuwahi kuligusa. "Na nani atakushonea?"

Mwanamume akatazama rinda lake la manjano na sindano tatu zilizochomekwa kwenye kola. "Nilikuwa naomba Mungu anionyeshe. Naona amejibu."

Jina lake lilikuwa Kipketer, fundi wa trekta kutoka Rongai. Gari alilinunua kwenye shamba la zamani la mzungu, ambako lilikaa miaka mingi chini ya magunia ya mahindi, kuku wakitagia kwenye buti. Viti alivileta bandani kwa Nyakio akiwa amevikumbatia kama mtoto mchanga, akaomba jambo moja tu: asitupe kitu chochote.

"Hata msumari?"

"Hata msumari, mrembo."

Nyakio akaahidi huku akicheka. Kila jioni simu ililia. Kipketer aliulizia viti kwanza, na Nyakio akamtania kwamba siku moja atamwoa huyo MG aache kuwasumbua watu. Binti wa Nyakio wa miaka mitatu, Natalie, akaanza kumwita Kip wa gari.

Kisha ikaja ile asubuhi. Natalie alikuwa na homa, analilia uji, na gesi ilikuwa imeisha. Ubao wa zamani wa kiti cha dereva ulikuwa umeegemea ukuta, umeliwa na wadudu hadi ukalainika kama mkate. Mpya ulikuwa tayari umekatwa. Fundi yeyote wa viti huchoma ubao wa wadudu kabla hawajahamia mbao nzima. Nyakio alifundishwa hivyo siku yake ya kwanza kazini. Aliona mistari ya penseli upande wa chini. Alisoma kidogo huku akiuvunja, akautia kwenye jiko la kuni. Uji ukachemka, mtoto akanywa, Nyakio akausahau ubao.

Wiki mbili baadaye Kipketer alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi, akaketi kwenye benchi, akasimulia alichokuwa amekificha. Marehemu baba yake ndiye aliyekuwa dereva wa gari lile. Kila alipolifanyia kazi aliandika chini ya kiti tarehe na maneno machache ya siku hiyo, kwa sababu pale bwana wake hakuwahi kuangalia.

"Hakuniachia hata barua," alisema. "Aliniambia tu, maneno yangu yako chini ya kiti. Nikaogopa kuyasoma mpaka gari liwake. Leo limewaka. Niletee ule ubao, mpenzi."

Ulimi wa Nyakio ulimtangulia. "Niliuweka nje. Labda Mburu ameuwasha."

Mburu alikuwa mzee mlinzi wa mabanda, na kila asubuhi aliota moto wa vipande vya mbao. Uongo ulimkaa mzee sawa kama koti lake mwenyewe. Kipketer alimwendea, akamuuliza. Mzee akasema hajui, na Kipketer akaondoka bila kumpa mkono.

Tangu siku hiyo Kipketer hakumsalimia mzee tena. Mburu naye hakubadilika. "Mtoto ameamkaje, mama Natalie?" angeuliza, akimletea Natalie hindi la kuchoma. Nyakio alimpukuchulia mtoto punje zote, yeye asionje hata moja.

Kisha simu ya Kipketer ikaja. "Jumapili nakupeleka Kikopey tukule nyama. Niko na neno."

Nyakio alilijua neno lenyewe. Alilitamani, na lilimtesa.

Jumapili wakaenda, paa limefunguliwa, kitambaa cha kichwa cha Nyakio kikipepea, watu wa barabarani wakiwapungia. Nyama ilipoagizwa, Kipketer akapeleka mkono kwenye mfuko wa shati. Nyakio akaushika.

"Usitoe pete kwanza. Ni mimi niliuchoma ule ubao. Si Mburu. Nilimpikia mtoto uji."

Moshi wa nyama ulipita katikati yao.

"Uliona una maandishi?"

"Niliona."

"Halafu ukamsingizia mzee wa watu."

"Nikamsingizia."

Kipketer akainuka, akaenda kwenye gari. Nyakio alijua anaachwa. Lakini Kipketer alisimama tu, kiganja juu ya kiti chekundu. Nyakio akamfuata.

"Uliyasoma?" akauliza bila kugeuka.

"Mstari mmoja nimeushika, kwa sababu mimi ni mama. 'Tarehe tatu Mei. Oili mpya. Kijana amezaliwa, sijamwona. Bwana amesema nioshe gari kwanza. Nimeosha nikiimba.'"

"Rudia."

Akarudia. Mara ya tatu Kipketer akajifuta uso kwa mkono wa shati. Tatu Mei ndiyo siku aliyozaliwa.

"Hasira haijaisha, Nyakio. Usidhani."

"Sijadhani."

"Tunaenda kwa Mburu. Utamwambia mwenyewe. Na mimi niko na msamaha wangu wa kuomba."

Nyama yote ikafungwa kwa ajili ya mzee, wakarudi mabandani. Mburu alisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika kifurushi. "Nilijua," alisema. "Ule moshi ulitoka kwako. Lakini nilisikia mtoto akilia, nikanyamaza."

Nyakio akalia hapo hapo, mbele ya mabanda yote.

Kipketer akakiinua kiti cha dereva, akampa penseli. Nyakio akaandika mstari wa baba kwenye ubao mpya, polepole, asipoteze hata neno. Kipketer akaichukua penseli, akaandika chini yake: "Leo gari limefika Kikopey na kurudi. Nimemuuliza Nyakio."

Akamrudishia penseli. "Jibu andika wewe."

Nyakio akailowesha ncha kwa ulimi, akapiga magoti.