Mkwe Asiye na Mke

Gurudumu la begi lilikatika katikati ya stendi ya Masasi, wakati ule basi la Dar linaposhusha abiria na bodaboda wote wanawazingira kwa pamoja. Rukaiya alisimama akalitazama. Alikuwa amevaa dera la bluu lililokunjamana kwa safari, sweta zito amelifunga kiunoni, na raba zilizowahi kuwa nyeupe. Angekuwa na nguvu angetukana. Hakuwa nazo, akakaa juu ya begi.

Kijana mmoja alikuwa anapita kutoka sokoni. Ovaroli lake lilikuwa na madoa ya njano ya salfa, ile dawa ya unga wanayopulizia mikorosho, na nyusi zake nazo zilikuwa za njano. Akamwomba dada anyanyuke, akainua begi upande mmoja, akalirudisha chini polepole.

"Dada, humu kuna mtu?"

"Vitabu."

"Vyote?"

"Vyote. Na vingine nimeviacha."

Kijana akatoa kipande cha mpira mfukoni, akachuchumaa na kuanza kulifunga gurudumu. Alijitambulisha: Mahmudu, fundi wa mashine za kupulizia, meza yake ipo nyuma ya soko. Akauliza vitabu ni vya nini. Rukaiya alikuwa ameshalijibu swali hilo kwa watu wa uhamiaji, kwa majirani na kwa kila shangazi aliyewahi kumpigia simu, kwa hiyo alijibu kwa mkato: anasoma Kichina, shahada ya uzamivu, huko kaskazini mwa Uchina kwenye baridi. Watu wakisikia hivyo humwuliza ataleta bidhaa gani. Mahmudu alimwuliza kama amechoka.

"Nimechoka sana," alisema Rukaiya, na akashangaa kuona machozi yanamlenga mbele ya mtu asiyemjua.

Mahmudu alilivuta begi mpaka kwenye gari la Newala. Kabla gari halijaondoka akaomba namba ya simu, eti apate kujua kama gurudumu limefika salama. Rukaiya akampa. Naye hakuwa mtoto, alijua gurudumu halina simu.

Likizo ile ilikuwa ya miezi mitatu, na Mahmudu alipanda mlima kwenda Newala kila Ijumaa kwa pikipiki yake, ameoga, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama. Walikaa pale ukingoni mwa Newala ambapo nchi inakatika na bonde la Ruvuma linaonekana mbali chini, upepo wa Juni ukiwapiga masikioni, wakila mihogo ya kuchoma. Yeye Mmakua, Rukaiya Mmakonde. Ni watani, kwa hiyo hawakukosa la kusema. Mahmudu alisema Wamakonde walipanda mlimani kwa haraka wakasahau maji huko chini. Rukaiya alisema Wamakua wamejenga chini ya majabali ya Masasi, wanasubiri yawaangukie. Rukaiya alimwita Fundi. Mahmudu alimwita Profesa.

Siku moja Mahmudu alitaka kujua hasa anachosoma. Rukaiya akaeleza kwamba katika maandishi ya kale ya Kichina mtu hakuruhusiwa kuandika jina la baba yake wala la mfalme. Mwandishi alipolifikia, aliiandika herufi yake pungufu kwa mstari mmoja, au akaweka neno jingine badala yake. Kazi yake ni kuyatafuta mapengo hayo, kitabu kwa kitabu.

"Kwa hiyo unatafuta kisichokuwepo," alisema Mahmudu.

"Ndiyo."

"Na wanakulipa?"

"Kidogo."

"Basi mimi nikafundishwe kazi hiyo. Salfa inanimaliza kifua."

Walipendana. Hakuna namna nyingine ya kulisema, na wote wawili walilisema waziwazi kabla Rukaiya hajarudi Uchina.

Mapenzi ya simu yanachosha hata watu waliolala vizuri, na Rukaiya hakuwa analala. Mahmudu akiamka kwenda sokoni, yeye ameshatoka darasani mikono imekufa ganzi kwa baridi. Mahmudu akipata nafasi ya kuongea jioni, yeye kichwa kiko juu ya kitabu kinamdondoka. Msimamizi wake, mzee mpole asiyepandisha sauti kamwe, alimrudishia sura ya nne ya tasnifu mara ya tatu, imejaa wino mwekundu, akamwambia kwa upole kwamba imeanza kufanana na sura. Rukaiya alirudi bwenini akavua viatu, akalala na koti.

Majira hayohayo mama yake, Bi Stamili, aliteleza na ndoo ya maji nyumbani kwake Chilangala, kijiji cha huko Newala, akaumia nyonga. Alilazwa hospitali ya Ndanda, akatibiwa, akarudi nyumbani na mkongojo. Alikuwa mjane na Rukaiya ndiye mwanawe pekee. Rukaiya akampigia Mahmudu.

"Nataka kuacha," alisema.

"Kuacha nini?"

"Kusoma. Mama yuko peke yake. Msimu unakuja, nani atampulizia mikorosho? Nani atamchotea maji?"

"Jikaze, Profesa wangu. Umebakiza kidogo."

"Kila mtu ananiambia nimebakiza kidogo. Mnajuaje? Mmekiona?" Sauti yake ilipanda mpaka mwenzake wa chumbani akageuka. "Mahmudu, naomba usinipigie. Mpaka nikupigie mimi."

Na Mahmudu hakupiga. Mwenye kutaka kumtafutia kosa alitafute hapo: aliambiwa asipige simu, akatii. Wanawake wengi wangemweleza kwamba neno hilo huwa halina maana ya kutiiwa kwa muda wote huo, lakini hakuwauliza.

Alichofanya ni kufikiri. Aliona kinachomtoa mpenzi wake shuleni ni mama kuwa peke yake. Sasa kwao Wamakua, kama ilivyo kwa Wamakonde, mume ndiye anayefungasha. Ukioa, unahamia kwa mama wa mke, unalima shamba lake, na hapo ndipo unapoonekana wewe ni mtu wa namna gani. Mahmudu akajiambia kwamba kama ni kuhamia atahamia tu siku moja, basi ahamie sasa wakati anahitajika. Akafunga meza yake sokoni, akapakia zana kwenye pikipiki, akapanda mlima.

Alipitia kwanza Newala mjini kwa Bwanali, kaka yake Bi Stamili, maana mjomba ndiye mwenye kauli juu ya ndoa ya mpwa wake. Bwanali alimsikiliza mpaka mwisho, akasema hajawahi kuona mkwe asiye na mke. Kumwozesha hawezi mpaka Rukaiya mwenyewe arudi aseme. Lakini shamba la dada yake linaota majani, kwa hiyo kama anataka kufanya kazi aende, na ahesabike kibarua.

Ndivyo Mahmudu alivyohamia Chilangala. Alilala kwenye banda la korosho. Alichota maji, alipalilia, na msimu wa salfa ulipofika alipulizia. Bi Stamili alimpokea kama mkwe na akashika adabu zote za mkwe: hakula naye, hakumtazama usoni, na jina la Mahmudu halikupita kinywani mwake. Akipika, alikiweka chakula kwenye kigoda nje ya banda, akakohoa, akaondoka na mkongojo wake. Kwa mambo yote yaliyobaki walielewana sana.

Habari zilimfikia Rukaiya kupitia kwa Anjelina, rafiki yake wa sekondari, mshonaji wa nguo pale Masasi. Alimtumia ujumbe wa sauti, na cherehani inasikika nyuma. Alisema anasikitika kuwa yeye ndiye wa kumwambia, lakini yule fundi wake kafunga meza. Sokoni wanasema kahamia ukweni, huko juu Newala, kijiji hajui.

Rukaiya aliusikiliza ujumbe ule akiwa kwenye foleni ya chakula. Akausikiliza tena. Huku kwao, mwanamume aliyehamia ukweni ameoa, hakuna maelezo mengine. Akatoka kwenye foleni bila kula. Aliona haya kwamba katika uchungu wote ule, alichokitamani zaidi kilikuwa kulala.

Siku chache baadaye alimpigia mama yake kumjulia hali. Bi Stamili akasema nyonga inaendelea vizuri, na kazi za shamba asiwe na wasiwasi nazo, kuna mtu.

"Mtu gani, mama?"

"Mtu tu. Kijana wa watu. Anajituma sana."

"Anaitwa nani?"

Bi Stamili akacheka kidogo, akahamisha mazungumzo. Angewezaje kulitamka jina la mkwe wake? Tena alidhani binti yake anamtania, maana huyo kijana si mchumba wake mwenyewe, si wanaongea kila siku? Rukaiya akadhani mama kapata kibarua na jina limempotea. Msomi wa majina yasiyotajwa alipitia juu ya pengo lile bila kuliona, na tumsamehe, alikuwa amechoka.

Aliomba likizo chuoni. Kwa msimamizi alisema ni ya muda. Moyoni alikuwa ameshaacha.

Alifika Chilangala mchana, jua kali na upepo wa baridi pamoja. Bi Stamili alikuwa barazani anachambua kunde. Alilia, akacheka, akamshika mwanawe mashavu, akasema amebaki macho tu. Rukaiya alikuwa hajamaliza kunywa maji aliposikia mashine inanguruma mikoroshoni.

"Ndiye kibarua?"

"Si ndiye mtu wako?" alisema mama, akatazama chini.

"Mtu wangu yupi?"

Bi Stamili akaelekeza kwa kidevu upande wa shamba, akarudia kunde zake.

Rukaiya akaenda. Wingu la njano lilikuwa limetanda juu ya miti, na chini yake mtu mwenye mashine mgongoni, uso umefungwa kitambaa. Mtu huyo alipogeuka alisimama kama aliyeshikwa. Kisha akashusha kitambaa.

Rukaiya alikuwa na maneno mengi ya kumwambia Mahmudu, aliyapanga njia nzima. Yalitoka machache.

"Mkeo yuko wapi?"

"Mke gani?"

"Masasi nzima inasema umehamia ukweni."

Mahmudu akazima mashine. Akatazama mikorosho, akatazama nyumba, akamtazama yeye. "Nimehamia kweli. Ukweni si hapa?"

Ilimchukua Rukaiya muda. Kisha yote yakamwingia kwa mpigo, kicheko cha mama kwenye simu, mtu tu, kijana wa watu, naye akakaa chini kwenye majani makavu akacheka mpaka mbavu zikamuuma. Mahmudu akacheka naye, kwa furaha ya kumwona na kwa kutojua afanye nini kingine. Akaitua mashine, akachuchumaa mbele yake.

"Kwa hiyo sasa huna wasiwasi," alisema. "Mama ana mtu. Pumzika, halafu urudi ukamalize."

Kicheko kikakatika.

"Nani kakwambia nataka kumaliza?"

Mahmudu akavua kitambaa shingoni.

"Nilitaka kuacha, Mahmudu. Nilikuwa na sababu nzuri, mama yangu mgonjwa, hakuna mtu angenicheka. Wewe umekuja na mashine yako umeniondolea sababu." Akachota majani makavu, akayatupa. "Wote mnajitolea ili mimi nimalize. Mjomba anangoja daktari, kijiji kinangoja daktari, na wewe umelala bandani unangoja daktari. Mimi nimechoka. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza."

Upepo ulipita, salfa ikawamwagikia wote wawili. Mahmudu alikuwa ameumia, na ilionekana.

"Basi acha," alisema.

"Nini?"

"Acha. Sikuhamia kwa daktari. Nilihamia kwa mama yako kwa sababu ni mama yako. Ukimaliza nipo. Ukiacha nipo, na kesho nitaamka kupulizia miti iliyobaki."

Katika miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kumwambia Rukaiya neno acha. Alilia kwa sauti, kama mtoto, unga wa njano ukichirizika mashavuni. Mahmudu hakumgusa, kwani mikono yake ilikuwa imejaa dawa na Bi Stamili aliwaona vizuri kutoka barazani. Alikaa tu pembeni yake mpaka akanyamaza.

Kisha Rukaiya akalala. Alilala usiku na mchana, akaamka kula ugali na kisamvu, akalala tena. Hakuna aliyemwuliza kitu. Siku alipoamka mapema mwenyewe, aliketi barazani akaifungua sura ya nne, kwa sababu tu hakukuwa na mtu anayemngoja aifungue. Ilikuwa bado mbaya. Aliona palipo pabaya, akaona pia namna ya kupatengeneza, na jambo hilo lilimkera na kumfurahisha. Alimwuliza mama yake kama angekasirika asipomaliza.

"Mimi sikukutuma Uchina," alisema Bi Stamili. "Ulijituma."

Asubuhi hiyo hiyo Rukaiya alichukua simu akampigia mjomba wake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umefika siku zote hizi hata hujaja kuniona?"

"Nitakuja, mjomba. Nilikuwa nimelala. Yule kibarua wa mama."

"Ana nini? Kaiba?"

"Hapana. Naomba uje umwozeshe, kabla sijasafiri."

Bwanali akauliza bibi harusi ni nani, kwa sauti ya mtu anayejua ila anataka kutajiwa.

"Ni mimi, mjomba."

"Na unasafiri kwenda wapi, wewe si ndiyo kwanza umekuja?"

"Nakwenda kujaribu tena shule. Mwaka mmoja. Inaweza ikanishinda."

"Ikikushinda, sisi tutawaambia nini watu?"

Mahmudu alikuwa mlangoni mwa banda, anakung'uta ovaroli lile lile lililokwisha kukung'utwa, ili asionekane anasikiliza. Rukaiya akamtazama.

"Mtawaambia nimerudi kwa mume wangu," alisema.

Bwanali akasema atakuja Ijumaa.