Viti vya Safu ya Nyuma

"Pasi nje! Nimesema mara ngapi? Pasi ya mkaa inawashiwa nje!"

Chiriku akaibeba pasi mbiombio hadi barazani kabla mama yake hajatokeza kichwa mlangoni. Ilikuwa Jumamosi, saa saba mchana, na majoho mawili ya kwaya, yaliyoletwa nyumbani kufuliwa, yalikuwa yanasubiri kunyooshwa, la kwake na la mdogo wake, Kitinda. Mtaa mzima haukuwa na umeme karibu mwezi sasa. Transfoma iliungua, mafundi wakaja, wakaitazama, wakatikisa vichwa, wakaondoka.

Jina la Chiriku alipewa na bibi yake, maana mtoto huyo wa miaka kumi na miwili alikuwa na mdomo usiopoa. Lakini humo mdomoni ndimo ilimokaa sauti! Akiimba, hata mlinzi wa kanisa anaacha kuchokonoa meno. Mwezi huo mwalimu wa kwaya alikuwa anamrekodi kwa simu kila Jumamosi. Sauti ikipita, Chiriku ataongoza wimbo kwenye mashindano, mbele ya makanisa yote. Alikuwa anaota macho wazi.

"Dada," Kitinda akasema, sega mkononi, "leo mimi siendi."

"Huendi wapi?"

"Kwaya. Kile chumba kina kitu."

Chiriku akacheka, kisha akaacha. Maana kweli, kile chumba kilikuwa na kitu.

Jumamosi mbili zilizopita, msichana mmoja wa safu ya nyuma alishika kichwa katikati ya wimbo akatapika. Watu wakasema kala kitu kibaya. Jumamosi iliyofuata wakawa watatu, wote wa safu ileile ya nyuma, karibu na kabati la majoho, chini ya matundu ya hewa. Mmoja alianguka chini puu, kama gunia, midomo wazi, haitiki hata akiitwa. Alipotolewa nje na kupepewa, akazinduka, akauliza, "Nani kazima taa?" Mchana kweupe, wee! Kwaya nzima ilisisimka mwili.

Halafu kulikuwa na ile harufu. Harufu ya moshi, kidogo tu, imejificha ndani ya majoho. Na kanisani mtu mmoja tu ndiye aliyenuka moshi siku zote: Mama Mkaa.

Mama Mkaa alikuwa mjane, anauza mkaa kwenye kona, vidole vyeusi hata Jumapili. Kila Jumamosi alikuja kufagia chumba cha kwaya bure kabla ya mazoezi. Wiki iliyopita Chiriku na rafiki yake Miwani walimchungulia kwenye tundu la funguo. Wakamwona anazunguka viti kimoja baada ya kingine, anakiwekea kila kiti mkono, midomo inatembea, macho kayafumba.

"Anafanya nini?" Miwani alinong'ona.

"Unaniuliza mimi? Tukimbie!"

Chiriku akalipeleka jambo hilo nyumbani, shuleni na kisimani, na kila alipofika aliongeza chumvi. Kisimani Mama Mkaa alikuwa ameshaanza kutemea viti mate. Neno halina breki. Kufikia Ijumaa wazazi walikuwa wamekubaliana kwamba Jumamosi wataenda kwa mchungaji, na mwanamke huyo aondoke kanisani.

"Utakaa karibu na mlango," Chiriku akamwambia mdogo wake. "Vaa joho, twende."

Walipofika, mlinzi alikuwa ameshawasha jenereta ya kinanda kwenye kibanda nyuma ya ukuta wa chumba cha kwaya, naye karudi getini. Chiriku akajifanya anaenda chooni. Alikuwa na siri yake ndogo, ambayo hata Miwani hakuijua. Jumamosi ya kwanza jenereta ilinguruma mpaka ikaharibu rekodi yake yote. Mwalimu alishawaonya kuwa kibanda hicho mtoto hagusi. Lakini nyuma ya kanisa lilitupwa zulia kuukuu la madhabahuni, zito kama godoro lililolowa. Chiriku alilivuta, akaziba nalo mdomo wa kibanda kuanzia juu hadi chini. Mngurumo ukashuka. Tangu hapo, kila wiki alilitundika mlinzi akiondoka na kulishusha mazoezi yakiisha. Mwalimu mwenyewe alikuwa anasema, "Siku hizi jenereta imeokoka, haipigi kelele!"

Basi na siku hiyo akalitundika.

Ndani, mwalimu alifunga madirisha ili arekodi. Waimbaji walikuwa wachache, kwani wengine walishaogopa. Kitinda hakukaa mlangoni. Mwalimu alimpeleka nyuma kwa sababu ya kimo chake kifupi, apande benchi aonekane. Chiriku akaliona hilo, lakini rekodi ilikuwa inaanza. Alisimama mbele, pale upepo wa chini ya mlango ulipompuliza miguu, akaimba. Wimbo ukapita vizuri. Walikuwa wanaanza mara ya pili ndipo makelele yakasikika uani.

"Atoke! Atoke aseme!"

Kwaya yote ikamwagika nje kutazama. Wazazi walikuwa wamemzunguka Mama Mkaa, mama yake Chiriku mmojawapo, na mchungaji kasimama katikati akiwa ameinua mikono, anaomba wanyamaze. Mama Mkaa alikuwa ameshika ufagio wake kwa mikono yote miwili, kama mtu anayezama aliyepata kamba.

"Unawafanya nini watoto wetu?" mzazi mmoja akapaza sauti. "Umeonekana! Unavinuizia viti!"

"Naviombea," Mama Mkaa akasema taratibu. "Kila kiti na mtoto wake. Nawataja kwa majina."

"Na kutapika je? Na kuanguka?"

"Hilo nimewaambia tangu wiki jana, hamtaki kunisikia. Mimi nauza mkaa miaka kumi na tisa. Kichwa kugonga, kutapika, kuanguka, kisha mtoto akitoka nje anapata nafuu. Huo si uchawi, ndugu zangu. Ni moshi uliofungiwa. Mimi mwanangu wa kwanza alilala na jiko la mkaa ndani, mlango umefungwa kwa sababu ya baridi. Hakuamka. Humu chumbani kuna moshi. Nimeutafuta unakotoka sijauona."

Pasi nje, nimesema pasi nje! Chiriku alisikia sauti ya mama yake kichwani, na hapo hapo akaliona zulia. Akaona yale matundu ya hewa ukutani, juu ya kabati la majoho, kwenye ukuta unaopakana na kibanda. Moshi umefungiwa huku, utapita wapi kama si kule?

Akageuka kumtafuta mdogo wake. Miwani alikuwepo. Wengine wote walikuwepo.

"Kitinda yuko wapi?"

"Amebaki ndani," Miwani akajibu. "Amesema miguu haina nguvu, anajilaza kidogo kwenye benchi."

Chiriku akautazama umati. Akisema, mashindano basi. Akisema, watu wote hawa watajua. Lakini mlango wa chumba kile ulikuwa umejirudisha.

"Ni mimi!" akapiga yowe. "Zulia! Nimeziba jenereta kwa zulia! Kitinda yumo ndani!"

Watu wazima walibaki wanatazamana. Mama Mkaa ndiye aliyetupa ufagio. Alivuta kitambaa cha kichwani, akajiziba pua, akaingia. Mlinzi akakimbilia kuzima jenereta. Chiriku akalishika lile zulia kwa kucha na kulivuta mpaka likamwangukia, na moshi mweusi ukatoka kibandani kama kitu kilichokuwa kinasubiri.

Mama Mkaa alitoka amembeba Kitinda begani. Mkono wa mtoto ulikuwa unaning'inia.

"Mwanangu!" mama yao akalia.

"Msimzonge, apate hewa!" Mama Mkaa akaamuru. Kisha akaanza kumtaja Kitinda, jina lake kamili la ubatizo, tena na tena. Ikapita muda ambao Chiriku hakuweza kuupima. Halafu Kitinda akakohoa.

Zahanati walimwekea hewa ya mtungi mpaka jioni. Muuguzi alimgeukia Chiriku bila ukali. "Moshi wa jenereta una hewa ya sumu ambayo haionekani wala hainuki. Ile harufu mliyoipata ilikuwa bahati yenu. Jenereta inakaa mbali na nyumba, mahali pa wazi. Mngechelewa kidogo, tungekuwa tunaongea mengine."

Jumapili Chiriku alisimama mbele ya kanisa. Hakuongeza chumvi. Alisema habari ya zulia, habari ya tundu la funguo, na habari ya mate ambayo hayakuwahi kutemwa. Mama yake na wazazi wengine wakamfuata Mama Mkaa mmoja mmoja kumwomba radhi. Miwani ndiye aliyepewa kuongoza wimbo.

Jumamosi iliyofuata jenereta ilikuwa imehamishiwa ng'ambo ya uwanja, madirisha wazi. Chiriku aliwahi mapema, akamkuta Mama Mkaa anafagia. Akachukua kizoleo bila kuambiwa.

"Mama, nisamehe."

"Nilishakusamehe, binti. Ila ulishike hili. Ulichokifunika hakipotei. Moshi ukiuzibia mbele, unatafuta tundu la nyuma, na huko nyuma ndiko alikolala mdogo wako. Makosa ni hivyohivyo, na maneno ya uongo ni hivyohivyo. Yafungulie mlango yakiwa madogo."

Chiriku akainamisha kichwa. "Na siku ile tulipokuchungulia, ulikuwa unamwombea nani?"

Mama Mkaa akakung'uta ufagio mlangoni.

"Nilikuwa nimefika kwenye kiti chako," akasema.

Chiriku akaweka kizoleo chini. Akaenda safu ya nyuma, akakaa karibu na kiti cha mdogo wake, akakiwekea mkono.