Punje Iliyobaki kwenye Elfu Moja na Moja

Kwacha, kwacha, kwacha. Kabla hajaona mtu, Kemilembe alisikia buni, matunda makavu ya kahawa, zikipasuliwa nyuma ya migomba. Akaongeza mwendo.

Zilikuwa siku za utawala wa Waingereza, pale Izigo. Mwalimu Anatory alikuwa ameandika ubaoni 1,001. Wanafunzi waende nyumbani wakatafute namba zinazoigawa bila kubakiza. Atakayepata ataiwakilisha shule katika mashindano ya hesabu mjini Bukoba. Njiani Kemilembe aliwaambia wenzake: saba, kumi na moja, kumi na tatu. Buberwa, mmoja wao, alicheka. Alasiri hiyo alikitangazia kijiji kizima kwamba saba hubakiza moja, na Kemilembe ni mwongo. Habari zikamfikia Mzee Mwijage, baba yake Kemilembe.

"Bukoba huendi," Mwijage alimwambia binti yake. "Hutanitia aibu mjini."

Sasa Kemilembe alisimama mbele ya mkeka wa Buberwa.

"Umemwambia baba yangu mimi mwongo?"

"Mimi? Buni ndizo zilizosema," Buberwa alijibu bila kuinua kichwa. "Nimepanga mara mbili. Hesabu mwenyewe, Bibi Saba."

Kemilembe alipiga magoti. Mistari ya punje saba saba ilikuwa mia moja arobaini na mitatu. Kando ilikuwa imebaki punje moja. Machozi ya hasira yakamlenga. Kisha akaitazama ile punje.

"Kila buni umetoa punje mbili?"

"Kwani kwenu zina tatu? Zenye punje moja nimezitupa."

"Ulipofika elfu ulifanyaje?"

"Nikapasua buni ya mwisho."

"Ukaweka punje ngapi?"

Buberwa aliigeukia ile punje ya kando. Izigo yote ilijua kwamba punje mbili za buni moja ndizo watu hugawana wanapochanjiana udugu wa damu. Kwao alikatazwa tangu utotoni kuitupa moja na kubaki na pacha wake. Kwa hiyo aliziweka zote mbili. Mkekani palikuwa na elfu moja na mbili.

Mzee Kaijage, baba yake Buberwa, alikuwa akisikiliza mlangoni. Uso wake ulikuwa mkali.

"Kuiheshimu punje pacha si kosa," alisema. "Kosa lako ni kumwita mwenzako mwongo kabla ya kukagua kazi yako. Namba haibadiliki kwa sababu wewe una sauti kubwa. Mtu mwenye bidii huanza kwa kujishuku mwenyewe. Simama, twende kwa Mwijage."

Uani kwa Mwijage, Buberwa alinong'ona kitu huku akitazama chini.

"Sisikii," Kemilembe alisema. "Ulipokuwa ukinitangaza kijijini sauti ilikuwepo."

Buberwa alimeza mate, akainua kichwa.

"Mzee Mwijage, saba inaigawa elfu moja na moja, na mwanao alisema kweli. Kesho, mbele ya Mwalimu na darasa zima, nitasema kwa sauti hii hii kwamba mwongo nilikuwa mimi, na wa kwenda Bukoba ni Kemilembe."