Mlango Alioruka Mitsuho

Walikutana kwa kugongana. Mitsuho alikuwa akipenya umati wa Jumamosi katika mtaa wa maduka wenye paa, mjini Sakai, koti jipya la rangi ya haradali limempa maringo, macho kwenye simu. Tetsuro alikuwa akitoka dukani kwao na mkeka wa tatami, ule mnene wa sakafuni, begani. Mkeka ukamwangusha kofia.

"Dada, ukitaka mkeka ingia dukani, usiudandie njiani."

"Na wewe ukitaka mchumba, kuna namna ya kumwita bila kumpiga."

Basi yakaanza hapo, mwaka mzima wa simu na utani.

Balaa lilikuwa lile paa. Mitsuho alikuwa katibu wa chama cha wenye maduka, na ndiye aliyeandika pendekezo la kulibomoa, mtaa upate mwanga. Sasa, pale hakuna anayepeleka pendekezo kikaoni likiwa bichi. Unapita kwanza duka kwa duka na boksi la vitamutamu, unakunywa chai, unasikiliza manung'uniko, unarekebisha. Kikaoni watu huja kuitikia tu.

Mitsuho alipita maduka ishirini na mawili, akianzia la baba yake. Muuza tofu alimkubalia upesi, akitabasamu kama aliyeficha kitu. Mama wa samaki vilevile. Duka la Tetsuro aliliacha la mwisho, kisha hakufika. Alijiambia muda umekwisha. Mwongo. Alijua paa likiondoka, jua la jioni litaingia mle dukani na kubabua mikeka. Alijua Tetsuro atakataa, na hakuwa na moyo wa kuisikia "hapana" kutoka mdomo anaoubusu.

Kikaoni mwenyekiti aliuliza kama wote wameafiki. Vichwa vikainama kukubali. Tetsuro peke yake alikuwa bado anageuza karatasi, masikio yamemwiva kwa aibu, na kila mtu akaelewa kwamba mlango wake ulirukwa.

"Sina neno," alisema. Akainama, akatoka.

Siku nne hakupokea simu. Ya tano akapokea.

"Tetsu, nisikilize."

"Nakusikiliza, katibu."

Hilo "katibu" lilimchoma. "Nilisahau tu kupita kwako."

"Mitsuho. Wewe unakumbuka hata siku aliyozaliwa paka wa muuza tofu."

"Sikusahau," alisema Mitsuho. "Nilikuogopa."

"Ningekataa, ndiyo. Tungegombana, tukala, tukagombana tena. Lakini umenikalisha pale kama mgeni, kwenye mtaa niliozaliwa." Akakata.

Asubuhi yake Mitsuho alikwenda kwa mwenyekiti kuliondoa pendekezo, kisha akaanza kupita milango ileile kuomba radhi.

"Kwake umeshakwenda?" mama wa samaki alimuuliza, kisu mkononi.

"Bado, mama. Naogopa."

"Unarudia kosa lilelile, mwanangu. Toka hapa."

Akatoka. Dukani kwa Tetsuro alipiga magoti juu ya mkeka unaonukia majani mabichi, boksi la vitamutamu mbele yake.

"Pendekezo nimeliondoa."

"Ukiandika jingine nikakataa?"

"Nitakunywa chai yako, niandike jingine tena."

Tetsuro akavuta karatasi chini ya kopo la sindano, akaisukuma kwake. Mihuri myekundu ishirini na miwili, ndiyo sahihi ya kila mwenye duka, wa baba yake Mitsuho juu kabisa. Maandishi yalikuwa mstari mmoja: Tetsuro wa mikeka anaomba kumwoa Mitsuho. Tarehe, wiki moja kabla ya kikao.

Kumbe ndiyo yale matabasamu. Wakati yeye anauruka mlango huu, mwenye mlango alikuwa akizunguka kwa ajili yake.

"Mtaa mzima ulijua isipokuwa mimi," alisema kwa sauti ndogo.

"Inauma, eh?"

"Inauma."

"Mimi pia nilikuacha wa mwisho. Ila nilikusudia kufika."

Chini ya karatasi palibaki nafasi moja. Mitsuho aliutafuta muhuri wake mkobani, machozi yakidondokea lile koti la maringo.

"Paa bado nakataa," Tetsuro alisema, akimsogezea wino.

"Najua," alijibu, akagonga.