Homa Aliyoificha Idarusi

Walikutana mpakani Horohoro, kwenye foleni ya kugonga mhuri, jua la saa saba likiunguza. Mboni, muuza leso wa Makorora, alikuwa na baibui lililojaa vumbi na marobota matatu miguuni.

"Dada, hiyo ni biashara au unahama nyumba?" aliuliza kijana nyuma yake, shati jeupe limenyooka.

"Nahama. Kama una nguvu, njoo ubebe kabati."

Akabeba, wallahi! Mwanamume akikubebea robota hivi hivi, jihadhari. Mwaka haukwisha kijana huyo, Idarusi, akaleta mshenga, na wazee wakapanga posa iletwe Jumapili. Baba yake Mboni akasema kwa ukali: "Neno la mwanamume ni moja. Siku ikipita, imepita."

Siku tisa kabla, tumbo likamwangusha Idarusi. Utumbo ulikuwa umejisokota. Madaktari wa Tanga wakakata kipande kilichooza, wakaunga ncha mbili.

Mchumba haendi kukaa kitandani kwa mchumba, watu watasema. Kwa hiyo Mboni alipika uji wa mchele wenye tui, akampa Semeni, dada yake Idarusi, apeleke. Jumanne uji ulirudi vile vile. Jumatano tena! Kwetu kurudishiwa chakula ambacho hakijaonjwa ni kuambiwa hutakiwi. Mboni akapiga simu.

"Habibi, uji wangu umekukosea nini?"

"Usilete tena, Mboni. Sitaki."

"Hutaki uji au hunitaki mimi?"

"Nakupenda. Niache." Simu ikakatika.

Mtu anakupenda, halafu umwache? Mboni alizunguka chumbani, kichwa kimemvurugika. Ana mwingine? Kajuta? Mwisho akajitupia mtandio, akaenda hospitali, na watu waseme watakavyo.

Idarusi alitabasamu kwa midomo mikavu. Mboni akamshika mkono, ukamuunguza. Chini ya mto kulikuwa na vidonge vya panadol.

"Una homa, na unaificha!"

"Sema polepole. Kila nikila natapika. Daktari alisema nikiona homa, moyo kwenda mbio au tumbo kuvimba, niseme papo hapo. Mshono wa utumbo unaweza kuvuja, uchafu ukaingia tumboni. Nikisema, Jumapili sitoki humu. Na baba yako unamjua." Akamkazia macho. "Ukimwambia nesi, mimi na wewe basi."

Mboni alisimama, hajui ashike lipi. Akisema, anampoteza. Akinyamaza, anampoteza pia. Hata hakumbuki aliamua saa ngapi, alijisikia tu anapiga kelele.

"Sista! Njoo, ana homa!"

Daktari alipomgusa tumbo, Idarusi aliruka. Wakamtundikia dawa ya mishipani, wakamrudisha chumba cha upasuaji kabla ya alasiri. Mshono ulikuwa unavuja. Wakamsafisha tumbo, ncha ya utumbo wakaitoa nje ya tumbo, choo kiingie kwenye mfuko.

"Angengoja hadi asubuhi," daktari alisema, "sumu ingeenea mwili mzima."

Alinusurika, lakini simu za Mboni hakupokea. Jumapili ikafika, mlango haukubishwa. Mboni akakaa uani na nguo yake mpya. Amefanya jema au ameivunja ndoa yake mwenyewe? Mara simu ikalia, ni Idarusi.

"Bado una hasira?" Mboni akauliza.

"Ziliisha nilipozinduka nikakuta bado napumua. Ni aibu, Mboni. Choo kinatokea tumboni, kwenye mfuko, miezi mitatu labda. Mke gani atavumilia hilo?"

"Unaniuliza au unanijibia?"

Baba yake, aliyeketi karibu akisikia yote, akanyoosha mkono. "Lete simu hiyo."

"Shikamoo baba," ilisikika sauti ya Idarusi.

"Marahaba. Wazee wako wasije kwangu." Mboni akafumba macho. "Tunakuja sisi huko, leo hii. Posa mtaitoa hapo hapo kitandani."

Simu ilirudi mikononi mwa Mboni, analia na kucheka, hajijui.

"Mboni! Nitavaa nini mie? Nina shuka la hospitali tu!"

"Vaa hilo hilo. Ila mume wangu, ukiumwa, sema."