Kilo Zilizorudi

Lifti ya jengo lile ilikuwa na tabia mbaya. Mzigo ukizidi inalia, na mlango haufungiki mpaka mtu mmoja akubali kutoka. Asubuhi moja watu wamebanana humo, kila mmoja anachelewa kazini, dada mmoja wa duka la miwani la ghorofa ya sita akaingia wa mwisho. Lifti ikalia. Wote wakamtazama. Akatoka, uso umemshuka.

Nyuma yake akatoka mwanamume wa ovaroli ya buluu, mkononi ana sanduku la vifaa. Huyo ndiye Fundi, mtunzaji wa lifti zote za jengo. Akamwambia kengele ile ina wazimu, hata akiingia paka italia, na kama kuna mwenye kosa basi ni hilo sanduku lake. Dada akacheka. Wakapanda ngazi pamoja, na walipofika juu wanahema, Fundi alishaomba namba ya simu na Dada alishaitoa.

Siku hizo Dada alikuwa na kiuno cha nyigu na gauni la kijani lililomkaa barabara. Fundi hakujua kwamba miaka minne kabla ya hapo daktari alimpasua Dada, akampunguza tumbo la ndani likabaki saizi ya ndizi, na kwamba mwili wake wa zamani ulikuwa karibu mara mbili ya huo. Kwa nini hakumwambia? Mwanzoni aliona ni mapema mno. Halafu siku zikapita, ikawa amechelewa mno. Siri nyingi huota mizizi hapo hapo katikati, jamani.

Mwaka wa pili wa mapenzi yao, kilo zikaanza kurudi. Zilirudi bila hodi, kwanza mashavuni, kisha kiunoni, mpaka zipu ya gauni la kijani ikagoma katikati ya mgongo. Dada hakuelewa. Chakula anakula kidogo, mbona mwili unapanda? Au si kidogo? Zile biskuti anazomung'unya kazini wateja wakiwa wachache, nazo zinahesabika? Mizani akaisukumia uvunguni. Muuguzi wa kliniki alipompigia kumkumbusha kwamba ana miaka hajaenda kuonwa, akasingizia kazi. Ukweli ni kwamba aliona haya. Umepasuliwa, ukoo mzima ukakushangilia, sasa urudi useme nini?

Kumbe Fundi naye alikuwa amebadilika. Dada akigusa ndoo ya maji, ananyang'anywa. Viatu virefu vikapigwa marufuku. Kila jioni simu: umekula, mpenzi? Basi kula tena. Wakikaa pamoja, mkono wa Fundi ulikuwa unateleza mpaka kwenye tumbo lake, ukatulia hapo, mwenyewe anatabasamu peke yake. Dada alikuwa akiuondoa. Moyoni alisema, huyu ananipima unene.

Siku moja mvua ilinyesha, akaenda kutafuta mwavuli kwenye buti ya gari la Fundi. Akakuta kitanda cha mtoto kilichokunjwa na blanketi la njano, bado lina lebo ya duka. Akaifunga buti. Huyu ana mwanamke mwingine, na huyo mwanamke ana mimba. Lakini mtu mwenye mwanamke mwingine anakukanda miguu kila Jumapili? Alitaka kumuuliza, akaogopa. Alijua ukianza kuuliza, na wewe utaulizwa. Akaacha kupokea simu zake.

Wiki haikuisha, dada mkubwa wa Fundi akaingia dukani, eti anataka miwani mipya. Alijaribu fremu tatu, zote akazirudisha, kisha akainama juu ya meza ya kioo.

"Wifi yangu, mficha uchi hazai. Mdogo wangu hali, halali. Mimba ni yenu wawili, kitanda ameshanunua, sasa unamnunia kwa kosa gani?"

Dada akaiacha fremu mezani. Wifi akaendelea kumwaga: Fundi ameona vidonge vya vitamini na madini anavyomeza kila siku kwa siri, amemwona akitapika baada ya vipande viwili vya keki, ameona tumbo linavyochomoza. Amejumlisha yote, jibu likatoka mtoto. Akaamua kusubiri aambiwe mwenyewe.

Jioni ile ile Dada alikwenda kwa Fundi. Hakukaa.

"Hakuna mtoto," akasema. "Ni mimi tu. Nimenenepa."

Akamweleza yote bila kupumzika: upasuaji, vidonge atakavyomeza maisha yake yote, keki ambayo tumbo lililokatwa haliivumilii, mizani iliyoko uvunguni. Alijiandaa kuchekwa. Alijiandaa hata kuachwa. Fundi alikaa kitandani, akaangalia mikono yake.

"Nilishamchagulia jina," akasema.

Hilo Dada hakujiandaa nalo. Akamuuliza kama amekasirika.

"Sijui. Nakasirika, halafu nakumbuka mtoto nilimtunga mwenyewe. Halafu nakumbuka ulinificha, nakasirika tena."

"Na huu unene?"

"Huo nilikuwa nauona kila siku, naupenda. Nilidhani ni mwanangu. Sasa sijui niupende kama nini."

Dada alirudi kwake analia, na asingeweza kukuambia analia kwa ajili ya nani.

Zikapita siku za kimya, kisha simu ikaita. Fundi hakusalimu. Aliuliza kliniki ni lini. Dada akasema haendi. Fundi akauliza tena, taratibu, kliniki ni lini. Halafu akakiri kwamba bado anamkumbuka yule mtoto, na Dada akashangaa kujisikia akisema kwamba hata yeye ameanza kumkumbuka.

Walipofika kliniki pamoja, muuguzi, mama wa makamo, hakushtuka hata kidogo. Alimwambia wengi hurudi hivyo. Mwili ni mbishi, unadai ulichopoteza, na yeye hakuiba kitu cha mtu hata aje ameinamisha kichwa. Watapitia anachokula, daktari atamwona, na dawa zipo ikibidi. Sasa apande mizani.

"Geukia ukutani," Dada akamwambia Fundi. Fundi akageuka, akasimama na ovaroli yake, mikono nyuma.

Akapanda. Namba ilikuwa chini ya alivyoogopa na juu ya alivyoomba. Aliitazama kwa muda. Miezi yote ile mtu huyu alimpenda mtoto asiyekuwepo. Je, aliyepo atamweza? Angeweza kushuka sasa hivi, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Geuka," akasema.

Fundi akageuka. Akaisoma namba, midomo ikichezacheza.

"Hii ndiyo uliyonificha miaka yote?"

"Ndiyo hiyo."

Fundi akapangusa macho kwa mkono wa ovaroli, akampa mkono.

"Basi shuka, mpenzi. Siwezi kumposa mtu akiwa juu ya mizani."

Dada hakujua acheke au alie. Akashuka.