Dirisha la Chumba cha Mzazi

Dirisha lilifunguka mara ya kwanza mchana, mvua ikinyesha, na Bibi Marietha akamlaumu mkwe wake. Albano ni fundi seremala pale Keko, anawatengenezea watu makabati ya maana, lakini komeo la dirisha la chumba anacholala mkewe limemshinda. Bibi akalifunga, akarudi kumkanda binti yake kwa maji ya moto. Hajakamua hata taulo, komeo likateleza lenyewe mbele ya macho yao, na dirisha likafunguka taratibu.

Avelina alikuwa na mtoto wa juma moja, Gervas. Bibi alitoka Masasi kwa kazi moja tu, kumlea mzazi, na kwake yeye mzazi hulelewa chumbani, dirisha limefungwa, upepo usimwingie. Kwa kuwa baraza lilikuwa linaloa, jiko nalo lilikaa mle mle chumbani. La mkaa asingeliingiza, ila hili lilikuwa la kisasa, lina feni ndogo na linatumia punje za maranda yaliyoshindiliwa, na aliyemuuzia Albano aliapa kwamba halitoi moshi. Siku hizo feni ilianza kuzimazima, punje zikabaki makaa mekundu bila mwali. Moshi hawakuuona, basi Bibi akaridhika, akafurahi hata kwamba chumba kinapata joto la kutosha.

Kilichomtisha ni dirisha. Kila siku lilifunguka, na kila siku Avelina alilalamika kichwa kinamgonga. Mara mtoto aliyelala fofofo alishtuka akalia kwa uchungu, wakamkuta na alama ya kufinywa pajani. Pale dirishani palinuka masizi yaliyolowa.

"Mama," Avelina alinong'ona, "kuna mtu anahema hapo nje."

Jovina, jirani wa ukuta mmoja, ndiye aliyewapa jina. Alimvuta Bibi pembeni akamwambia kwamba chumba kile aliwahi kupanga dada mmoja, Tekla, akajifungulia humo masika kama haya. Alijifungia na mtoto wake mchanga wapate joto, wakalala, hawakuamka. Hawakuwa na jeraha, na mtaa mzima ukasema ni uchawi.

"Wake alikufa naye," Jovina alisema kwa sauti ya chini. "Sasa anataka huyu wenu."

Wenzao wa jumuiya ya kanisani hawakuambiwa kitu. Aliitwa Mzee Ismail, mtaalamu wa majini kutoka Tandika. Mzee alifukiza ubani, akasoma kwa muda mrefu, akanyunyiza maji kila pembe, mpaka wote wakasikia mwanamke akilia kwa kwikwi, sauti ikitoka chumbani na kuhamia nje. Hapo akamwamuru Albano apige misumari dirishani. Akawaonya kwamba itarudi kugonga. Wasifungue, waiache ichoke, kwa sababu ikichoka ndiyo imeshindwa.

Kesho yake Albano alikwenda kazini na mvua haikuwa na dalili ya kukoma. Bibi alimkanda binti yake, akamlaza na mtoto, akaliacha jiko karibu na kitanda, feni imezima tena. Akafunga mlango, akaketi sebuleni na rozari yake. Kwa mara ya kwanza tangu afike mjini alijisikia salama.

Kugonga kukaanza.

Kulianza polepole, kwa kidole, kama mgeni mwenye adabu, kisha kwa kiganja, kisha kwa ngumi mbili, mbao zikalia na misumari ikakwaruza ndani ya fremu, na Bibi akaziminya shanga za rozari akijiambia sifungui, mzee amesema sifungui, huku ile sauti ya kwikwi ikizunguka nyumba kutoka dirisha hili hadi lile, ikirudi palepale kwa mzazi, ikigonga kwa nguvu zaidi, mpaka vikombe vikacheza kabatini na kuku wa Jovina wakapiga kelele uani. Kisha ikaanza kupungua. Bibi akatabasamu. Inachoka, alijiambia, inashindwa.

Ndipo alipokumbuka jambo. Gervas alikuwa mtoto wa kushtushwa na kijiko kikianguka, na kelele zote hizi hakulia.

Akausukuma mlango. Joto lilimpiga usoni. Avelina alikuwa amelala mdomo wazi, mashavu mekundu, akiitwa haitiki, na mtoto kifuani pake amelegea. Bibi alimnyakua mtoto akakimbilia mvuani akimwita Jovina, na mguu wake ulipovuka kizingiti, kugonga kukakoma. Jovina na majirani wakamkokota Avelina nje. Muda ule ulikuwa mrefu kuliko wowote Bibi aliowahi kuishi, mpaka matone ya mvua yalipompata Gervas usoni, akakunja uso, akalia.

Hospitali muuguzi aliuliza swali moja tu, kama kulikuwa na jiko ndani. Hewa ya makaa huua bila kuonekana, aliwaambia, hata ya jiko lisilo na moshi, na wanaokufa nayo hudhaniwa wamelala. Bibi aliinama akalia. Alikuwa amemfukuza mtu pekee mle ndani aliyejua.

Albano aling'oa misumari jioni ileile. Miwili ilikuwa imevutwa nusu, upande wa nje. Jiko likahamishiwa barazani chini ya bati, na Bibi akasimama mbele ya dirisha lililo wazi.

"Rudi, mwanangu," alisema. "Tulikukosea."

Tangu hapo dirisha halifungwi. Mzee Ismail alipopita kuuliza kama ile roho imekwisha, Bibi alimjibu kwamba ipo na asithubutu kuigusa. Hakumwambia mengine. Gervas akilia alfajiri, Bibi huinuka na kwenda mpaka mlangoni, na mara nyingi humkuta ameshanyamaza, kitanda kikinesa kidogo, Avelina amelala usingizi wa kawaida, na chumba kinanuka masizi yaliyolowa. Mwimbo wa kubembeleza huwa bado unaendelea. Bibi haingii. Husimama nje, ameshika kitasa, akisubiri Tekla amrudishe mtoto kitandani.